Jirani Aliyeshika Simu Zetu

Simu yangu ilichukuliwa mchana kweupe, mlangoni kwa jirani yangu wa mkono wa kushoto, pale Barking. Aliyeichukua alikuwa mwanamke mfupi aliyejitanda kanga juu ya koti la baridi. Nilikuwa nimekwenda kufuata kifurushi changu, ambacho postamani alimwachia yeye kwa kuwa mimi nilikuwa kazini. Alinitazama mkononi kabla ya kunitazama usoni.

"Simu yako ndiyo waitembeza uchi hivyo?" akasema. "Leta."

Nikampa. Mpaka leo siwezi kueleza kwa nini. Nadhani mtu akikusemesha Kiswahili ghafla kwenye ngazi za London, tena kile cha Mombasa kisichobembeleza, mkono hutoa kabla akili haijauliza. Akaingia nayo ndani. Nikabaki nimesimama kizingitini, sina kifurushi wala simu, mpaka sauti ikatoka jikoni: "Kwani umeota mizizi hapo? Vua viatu uingie!"

Nilitoka baadaye sana, tumbo limejaa mahamri na mbaazi za nazi, simu yangu imo ndani ya kifuko cha sufu cha manjano chenye kifungo cha koti la mtu nisiyemjua. Kifurushi nilikisahau. Nilirudi kukichukua siku iliyofuata, nikakalishwa tena.

Fremu yake ya kufumia aliinunua chariti, yale maduka ya vitu vya sadaka, ndani ya mfuko wa vikorokoro, haina karatasi ya maelekezo. Ni kitu cha plastiki, umbo la yai refu, kimezungukwa na vigingi. Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, ni hii: unazungusha uzi kwenye kila kigingi mpaka urudi ulipoanzia, unazungusha tena juu yake, halafu kwa ndoano ndogo unakishika kitanzi cha chini, unakivusha juu ya mwenzake na kukiacha kiangukie ndani. Kigingi kimoja, kisha kinachofuata. Ukivumilia, chini ya fremu huanza kuning'inia kitu kama soksi ya mtoto asiye na vidole. Hicho ndicho kifuko. Mwishowe unakishona kitako, unakisukia mkanda mrefu wa kupitisha begani, unatia kifungo.

Vifungo alivitoa kwenye makoti. Alikuwa akinunua koti zima la chariti kwa sababu ya vifungo vyake, akavikata, kisha akalirudisha koti dukani kama sadaka, na wale kina mama wa dukani wakalipokea kwa shukrani bila kujua kwamba walishawahi kuliuza. Nilimwambia siku moja kwamba kuna mzungu mahali fulani katika mji huu anatembea kifua wazi kwa ajili yake. Akanijibu kwamba mwenye baridi hufunga mshipi.

Alikuwa na msimamo mmoja kuhusu ufumaji, na hakuna aliyewahi kumshinda. Kifuko lazima kibane. Siku ya kwanza simu iingie kwa kusukumwa, na mwenyewe alalamike. "Sufu ni kama mgeni," alikuwa akisema, "siku ya kwanza hukaa wima, siku ya tatu ashalegea. Kifuko kikiingia simu vizuri leo, wiki ijayo kitaimwaga barabarani." Vya kwangu nilivyojaribu kufuma vililegea tangu vikiwa kwenye fremu. Alivishika kwa vidole viwili, akavitikisa, akauliza kama hivi ni vya kuwekea simu au vya kuchujia tui. Mimi ni msaidizi wa daktari wa meno huko Ilford, kutwa nzima nimeshika mrija wa kunyonya mate ya watu, na mkono wangu hautetemeki. Kwake niliambiwa sina mkono.

Na alikuwa na utaratibu wake wa kazi. Kabla hajaanza, simu yako lazima aishike, kwa sababu ndiyo kipimo. Aliiweka mapajani, chini ya kanga, na pale ilikaa mpaka kifuko kiishe. Ikilia, hakupi. "Nimo katikati ya duara," atakwambia. "Nikikupa sasa nitapoteza nilipofika, na uzi hauna alama." Kwa hiyo utafanya nini? Utakaa. Na ukikaa bila simu utazungumza, maana macho yatachoka kuangalia radieta ya joto ukutani. Nilimwambia pale kwake mambo ambayo sikumwambia hata mchungaji wangu. Nilimwambia jinsi ndoa yangu ilivyokwisha, tena nililia, na yeye akaendelea kuvusha vitanzi, akaitikia "ehe" mahali palipohitaji "ehe" na kunyamaza pengine pote. Sijapata tena msikilizaji wa namna ile.

Kijana mmoja wa kuleta vyakula kwa baiskeli aliwahi kunaswa hivyo hivyo. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi ananibembeleza kwa macho, chakula cha watu kinapoa begani, simu yake imo mapajani mwa jirani yangu. Ilibidi niingilie kati, nimweleze kwamba yule hawezi kufanya kazi bila simu, ndiyo inayomwonyesha njia. "Basi nani amemwambia aikubali kazi asiyoijua njia?" akauliza. Lakini alimrudishia, na juu yake akamfungia mahamri kwenye karatasi.

Kwa binti yangu alifanya ambalo mimi nilishindwa. Binti yangu amezaliwa hapa. Kiswahili anakielewa chote, hasa ukimsengenya, lakini hujibu Kiingereza. Jumamosi moja jirani, ambaye mtoto humwita Bibi, alimvua simu, na mimi nikajisogeza kando nisubiri vita. Havikuja vita. Nilipopita baadaye niliwakuta wamekaa goti kwa goti, fremu iko kwa mtoto.

"Kaza mkono," anasema bibi.

"It's going to snap, Bibi."

"Haukatiki. Nyinyi watoto wa siku hizi mwauonea huruma uzi, hamwaonei huruma mama zenu."

"What did Mum say about me?"

"Hebu vusha hicho kitanzi, umekiruka."

Kila mmoja na lugha yake, na hakuna aliyemwomba mwenzake arudie. Kifuko kilipokwisha na simu ikarudishwa, mtoto aliiweka mezani akaomba aonyeshwe jinsi ya kusuka mkanda. Nilikwenda kusimama jikoni, kwa sababu sikutaka wanione uso.

Siri yake niliigundua kwa bahati tu. Nilikuwa nimebadilisha simu, kubwa zaidi, na nikataka kifuko kingine. Alikuwa amekipima kwa ile mpya, kwa makini, akiigeuza huku na huku kama fundi wa suti. Nyumbani nikakiweka karibu na kile cha manjano. Vilikuwa sawa, kigingi kwa kigingi. Nikachukua na cha binti yangu, nacho ni kile kile. Nikaenda nikamgongea.

"Jirani, hivi vyote ni kipimo kimoja."

"Kwani simu zenu si kitu kimoja?"

"Sasa unatunyang'anya za nini?"

Alikuwa amesimama, ndoano iko sikioni kama kalamu ya seremala. "Ningewashika miguu?" akasema.

Niliingia, nikavua viatu, nikampa simu mwenyewe.

Siku ile ndipo aliponiambia anachokiogopa. Katika jengo letu, chini kabisa, kulikuwa na mzee wa Kizungu aliyefia ndani, na hakuna aliyejua mpaka barua zilipojaa nyuma ya mlango na watu wakaanza kuulizana kuhusu harufu. Bibi alikuwa akipita mlango ule kila siku akienda sokoni. Alikuwa akipita na kumwambia "morning", na siku zile zote aliendelea kuusalimia mlango. "Mimi kufa siogopi," aliniambia. "Kufa ni haki. Naogopa kupatikana. Nikose mtu wa kuuliza huyu mwanamke yuko wapi, mpaka nitangazwe na harufu yangu." Alisema bila kuinua macho kwenye vigingi, wala hakuacha kuvusha. Mimi ndiye niliyepata baridi.

Tangu hapo tukawa na mazoea. Asubuhi nikipita kwenda kituo cha basi, nilikisukuma kile kimlango cha barua kwa kidole na kuita, "Jirani, umeamka?" Naye hujibu kutoka ndani, kwa hasira ya kujifanya, "Nimeamka, nenda kazini mwanamke!" Hapo moyo wangu ulitulia, nikakimbilia basi. Siku za likizo nilikwenda kumwita hivyo hivyo nikiwa na gauni la kulalia, na alinisuta kwa kutokea nje sijasitirika.

Lakini nilipomwomba ufunguo wa akiba, ili siku asipojibu niingie, alikataa katakata. Ufunguo hupewa mume, alisema, na yeye mume alishazika. Ndivyo alivyokuwa. Alitaka aulizwe kila siku, ila asifunguliwe. Alizilaani simu, akasema zimewafanya watu kuwa kama kuku wanaodonoa, kisha akakaa kutwa akizishonea nguo. Na yake mwenyewe, kijisimu cha vitufe, ilitupwa ndani ya kopo la biskuti bila chaji. Mganga hajigangi. Mimi Mkristo wa Morogoro, ninaimba kwaya, na alipenda kunikumbusha kwamba sisi wa bara tumejifunza kupika juzi. Pilau yangu ya Krismasi aliila yote huku akiisema vibaya mpaka punje ya mwisho. Siku kwaya yetu ilipotaka vifuko vya kijani vya kufanana, alivifuma mwenyewe na akakataa nisimsaidie, asije, alisema, akaaibika mbele ya watu wa kanisa.

Sasa nije kwenye jina. Kwetu si ajabu kuishi na mtu miaka usijue jina lake. Mtu ni Mama Fulani, ni Shemeji, ni Mwalimu, na kumwuliza jina kavu kavu mtu aliyekuzidi umri ni utovu wa adabu, utadhani unataka kumshtaki. Tangu siku ya kwanza aliniita jirani, nami nikamwita jirani, na neno likatutosha. Binti yangu alimwita Bibi. Mpwa wake, aliyeishi Leicester na kuja mara chache, alimwita Shangazi. Kwenye simu yangu nilikuwa nimemhifadhi kama Jirani. Milango yetu haina majina, ina namba tu, na kwa kuwa yeye alikuwa akishinda nyumbani, barua na vifurushi vyake havikuwahi kupitia kwangu. Sikuona kama kuna kilichopungua.

Asubuhi ile alijibu kama kawaida, akanifukuza niende kazini. Niliporudi jioni, mama wa Kibengali wa ghorofa ya chini alinisubiri kwenye ngazi, mikono ameishika kifuani.

"Your auntie," akaniambia. "She fall down in the market. Ambulance take her."

Nilimshukuru, nikageuka pale pale na mkoba wangu wa kazini, nikaenda hospitali. Njia nzima nilijiambia ameanguka sokoni, mbele ya watu, si ndani, na niliona aibu kwamba hilo lilinifariji.

Mapokezini dada mmoja aliniuliza kwa upole, "Patient's name?"

"She's my neighbour," nikasema.

"Yes, my love, but what's her name?"

Nilijua anaweka sukari ngapi, nilijua goti lipi linamsumbua wakati wa mvua, nilijua alivyomlilia mumewe na alichokikosa kumwambia. Jina halikuwapo. Akaniuliza tarehe ya kuzaliwa, nayo sikuwa nayo. Nikampa namba ya mlango. Akaniambia, bado kwa upole, kwamba hawawezi kumtafutia mtu mgonjwa kwa namba ya mlango, na kwamba pengine familia yake ingekuja. Namba ya mpwa wake sikuwa nayo. Nilipiga ile ya Jirani, nikajua inaitia ndani ya kopo la biskuti, kama hata inaita.

Basi nikaanza kumweleza. Nilisema ni mfupi. Nilisema ni Mwislamu wa Mombasa, anavaa kanga juu ya koti, ana kikapu cha nyuzi hakiachi. Watu wa nyuma yangu kwenye foleni walikuwa wakihema. Niliona naongea upuuzi lakini sikuweza kuacha, kwa sababu nikiacha ingebidi niondoke, na nikiondoka atakuwa amepatikana na watu wasiomjua, kitu kile kile alichonieleza. Mwisho nikasema, "She takes people's phones."

Nesi mmoja kijana, aliyekuwa akipita na kikombe cha chai, akasimama.

"Ati anachukua simu za watu?" akaniuliza kwa Kiswahili cha Nairobi. "Huyo ako wodi yetu. Ya kwangu ako nayo since lunch. Wewe ni family?"

"Mimi ni…" nikasema, na yule nesi akanionea huruma.

"Sema wewe ni niece. Kuja."

Nilimkuta ameinuliwa kwa mito, mrija uko mkononi, upande mmoja wa uso umelegea kidogo. Kikapu kilikuwa juu ya blanketi. Fremu alikuwa ameishika, ila mkono wa kushoto haukuwa unamtii, na mzunguko ule mmoja alikuwa ameurudia na kuurudia. Simu ya nesi ilikuwa pajani.

"Niece wako amefika, cucu," nesi akamwambia, akimwita bibi kwa lugha ya kwao.

Alinitazama toka kichwani hadi miguuni. Maneno yalimtoka polepole, moja moja, lakini yalikuwa yake. "Si mpwa huyu. Mpwa wangu yuko Leicester. Huyu ni jirani." Alilisema kwa majivuno kiasi kwamba nesi aliangua kicheko na kwenda zake bila simu yake.

Nikaketi. Nilimshika ule mkono usiomtii, nikamwambia yote, jinsi nilivyoulizwa jina nikakodoa macho. Nilidhani atacheka.

"Lako mimi nalijua," akasema. "Vifurushi vyako vyote hupita kwangu. Nisome nisijue?"

"Miaka yote hii? Mbona hujaniita hata siku moja?"

"Jina lako lina watu wengi wa kuliita," akasema. "Kazini wakuita. Benki wakuita. Mimi jirani sina mwingine."

Hapo nililia, tena si kwa adabu. Aliniacha nilie. Kisha akaniambia nisogeze sikio. Akanipa jina lake, lake na la baba yake na la babu yake, akanifanya nilirudie, akanisahihisha, nikalirudia tena. "Lishike," akasema. "Usije ukahangaika tena mlangoni kwa watu." Halafu akanisukumia fremu nimalizie duara, maana yule msichana atataka simu yake. Nilimalizia. Vitanzi vyangu vililegea kuliko vyake, aliviona, na mara hii hakusema kitu.

Hakurudi Barking. Tulipopata habari, mpwa wake alikuwa bado kwenye treni, na kina mama wa msikitini walikuwa nje wanasubiri na gari. Nilitangulia peke yangu mpaka kwenye kidirisha cha chumba cha maiti. Kijana aliyekuwa ndani akaniuliza nimemfuata nani, nikalitaja jina, lote mpaka la babu yake, bila kukwama. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka mbele ya mtu, na hapa sitaliandika. Akaangalia kwenye kompyuta yake, akaitikia kwa kichwa kwamba yupo.

Kisha akaniuliza mimi ni nani wake. Ningeweza kusema mpwa.

"Jirani," nikamwambia, na ndipo nikakumbuka kumtafsiria.